Vidole Pembeni mwa Picha

Ngara, Nairobi
Baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Rukia,

Nimeketi mezani, nawe uko chumba cha pili unabishana na mama yako juu ya sanduku. Yeye anasema mablanketi mawili, wewe unasema moja. Mshindi ni yeye, usijisumbue. Mambo ya blanketi, ya chakula cha njiani, na ya kutolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, yote ameyamaliza mama yako, nami sina la kuongeza. Kesho utapanda treni ya magharibi. Ukifika utafungua mlango wa chumba cha eksirei katika hospitali ya wilaya ambayo haina mpiga picha mwingine ila wewe. Mwenyezi Mungu akufikishe kwa amani.

Ninaandika kwa sababu jana wakati wa chakula ulisema neno, nami nikalijibu kwa kunyamaza. Mimi hunyamaza nikiwa na hasira, na hunyamaza pia nikiwa na aibu, na watu wa nyumba hii hawajapata kujua tofauti. Jana haikuwa hasira.

Ulisema kwamba ulipokuwa mwanafunzi katika hospitali yetu ulitumwa kwenye stoo ya picha za zamani, ukakuta picha za vifua vya watoto, na pembeni mwa picha hizo ukaona mifupa ya vidole vya mtu mzima. Ukakitambua kidole cha mwisho kilichopinda. "Nikajua ni wewe, Baba. Nikazitazama moja baada ya moja, na kila mtoto umemshika. Na mimi huko niendako nitawashika vivyo hivyo. Mtoto akilia, nikajifiche nyuma ya ukuta?"

Mama yako aliinuka akaenda jikoni na hakurudi. Hii leo asubuhi ulipotoka kwenda kuaga majirani, aliniambia maneno machache. "Baba Rukia, fundo hili umelifunga wewe, wewe ulifungue. Mimi sitamwambia 'nenda na radhi zangu' huku najua anakwenda kuunguza mikono." Nawe umeona kwamba mpaka saa hii neno hilo hajalisema.

Basi nalifungua, na nitaanzia mbali kidogo.

Nilipotoka Mombasa nilikuwa kijana niliyejua sarufi na hesabu, na sikujua lolote jingine. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo, aliyeweza kumkatiza mtu katikati ya salamu akamsahihisha, na tabia hiyo nimeirithi kama nilivyorithi kofia zake. Hospitali iliniajiri kuosha picha katika chumba cha giza. Baadaye nikafundishwa kupiga. Mkuu wa idara wakati huo alikuwa mama wa Kiingereza, mrefu, mwenye haraka, na kanuni yake ya kwanza ilikuwa hii: mpiga picha hamshiki mgonjwa. Mgonjwa akihitaji kushikwa, ashikwe na mtu wake, avae aproni na glavu zenye madini ya risasi yanayozuia miali, na mpiga picha asimame nyuma ya ukuta. Glavu zilining'inia nyuma ya mlango. Alinionyesha kwa kidole mara ya kwanza, na mara ya pili, na mara ya tatu akaacha.

Kisha uhuru ukaja, yeye akarudi kwao, nami nikakabidhiwa chumba cha watoto.

Wewe umezaliwa wakati ambao msichana wa Ngara anaweza kuamka akasema atakuwa mpiga picha wa eksirei na dunia isitikisike. Sisi tulikuwa tukitazamwa. Picha ya Mzungu ikiharibika, filamu ilikuwa mbovu. Picha yangu ikiharibika, mbovu nilikuwa mimi, na watu wangu wote pamoja nami. Na mtoto, Rukia, ndiye anayeharibu picha. Anageuka, anapiga mateke, anavuta pumzi ya kulia wakati uleule unapobonyeza. Nikaona njia ya mkato. Nikamwacha kijana wa zamu abonyeze, mimi nikaingia nikamshika mtoto kwa mikono yangu mitupu, nikimbana mabega kwenye kaseti, lile kasha bapa la filamu. Glavu zilikuwa nzito kama matofali na watoto walizikimbia. Picha zikatoka. Madaktari wakasema hakuna anayepiga vifua vya watoto kama mimi. Kina mama wakaniombea dua. Mtu akiombewa dua kwa kosa lake, kosa hilo ataliacha lini?

Kulikuwa na beji pia. Wewe unayo yako, kile kipande cha filamu kinachobandikwa kifuani kipime miali inayomfikia mfanyakazi. Mimi nilikuwa nikiingia chumba cha watoto nikiivua beji na kuitundika kwenye msumari wa chumba cha giza. Nilijua kwamba kama ningeivaa humo ingerudi nyeusi kutoka kupimwa, na kwa hilo wangeniondoa chumba cha watoto. Beji yangu ilikuwa safi kuliko zote idarani. Mkaguzi mmoja aliwahi kunipongeza mbele ya wenzangu, nami nikasema ahsante.

Aliyejua yote haya ni Wafula. Unamkumbuka Wafula, aliyekuletea miwa ulipovunjika jino. Yeye ndiye aliyenirithi chumba cha giza, mtu wa Bungoma, mcheshi, ambaye nimejaribu kumsahihisha Kiswahili tangu siku ya kwanza na sijafaulu hata kwa neno moja. Nitayaandika maneno yake kama alivyoyasema, ingawa mkono wangu unakataa. Alikuwa akitoka gizani na picha inayochuruzika maji, akiinyanyua kwenye taa na kusema, "Mzee, hii picha yako ni kama ya harusi. Mtoto iko, na wewe pia umeingia."

"Vidole vyangu vimeingia," nilimsahihisha.

"Ee, hivyo hivyo. Mimi nikikufa watanijua kwa kitambulisho. Wewe watakujua kwa vidole."

Nilicheka. Nilipenda kuviona, mwanangu. Nilipenda ile mifupa yangu pembeni mwa kifua cha mtoto wa watu, kama saini ya fundi kwenye mlango. Hilo ndilo lililonifunga kinywa jana. Ulivyoviona wewe ndivyo nilivyoviona mimi.

Mikono yangu unaijua. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukinipaka mafuta ya nazi kila Ijumaa, ukiuliza kwa nini vidole vya Baba ni vikavu kama gamba la muhogo. Nilikujibu kwamba ni dawa za kuoshea picha. Sehemu yake ni kweli. Lakini dawa hazipasui kucha namna hii, na daktari alipokata kile kipande cha ngozi mwaka jana akakipeleka kupimwa, hakuniuliza habari za dawa. Aliniuliza, "Ulikuwa ukiwashika?" Majibu yalirudi mema, alhamdulillahi, ila nimeagizwa nirudi kuonwa maisha yangu yote.

Kuna na jingine, ambalo mama yako hajapata kulisema mbele yangu wala nyuma yangu. Tulikupata wewe peke yako. Wanawake wa jengo hili wamesema ni miali. Nimewauliza madaktari, na hakuna aliyeweza kuniambia ndiyo wala la, na kutojua huko nimeishi nako kama mtu anavyoishi na jirani asiyesalimia. Ukiona mama yako ameinuka mezani, usidhani amechukia kazi yako. Wewe ndiye mtoto wake wote.

Sikuandikii haya unihurumie. Huruma yako utaihitaji kwa wagonjwa. Nakuandikia kwa sababu uliuliza kama ujifiche nyuma ya ukuta, kana kwamba ukuta ule ni woga, na neno hilo umelitoa kwangu.

Sasa nikueleze nilivyoujua ukuta.

Siku moja alikuja mama mmoja aitwaye Nekesa, aliyefanya kazi ya kufua katika nyumba moja huko Kitisuru, akiwa na mtoto wa kiume aliyeanza tu kutembea. Mtoto alikohoa majuma mengi na daktari alitaka kukiona kifua. Nikamtwaa kama kawaida yangu. Akanipiga teke la tumbo, akalia mpaka sauti ikakatika. Picha ya kwanza ikatoka ukungu mtupu. Nikamshika tena kwa nguvu zaidi. Ya pili, ukungu. Wafula akatoa kichwa mlangoni: "Mzee, leo mnapiga picha ama mnapiga mtoto?"

Mama yule alikuwa amesimama ukutani na mikono kifuani, kama wanavyosimama mama zetu mbele ya watu wa hospitali. Hapo akasogea. Akasema kwa upole, "Daktari, nipe mtoto wangu. Wewe anakuogopa. Uko na uso kama ya askari wa reli."

"Mimi si daktari," nikasema, "na sheria—" Sheria ilikuwa upande wake. Ilikuwa imening'inia nyuma ya mlango muda wote huo.

Nilimuuliza kwanza kama ana mimba, akasema hana. Nikamvika aproni, nikamvika glavu, na yule mtoto aliyekuwa akizikimbia glavu hakuona glavu. Alimwona mama yake. Nekesa akavua leso aliyojifunga kiunoni, akamviringisha mwanawe kuanzia kwapani hadi nyayo, akaichomeka ncha ndani, akamsimamisha kwenye kaseti, akamwinua mikono pande mbili za kichwa. Akamwimbia kitu kwa lugha yao. Mtoto akamkodolea macho. Mimi nikaenda nyuma ya ukuta. Tangu nikabidhiwe chumba kile, sikuwahi kumtazama mtoto kupitia kile kioo kizito cha ukutani. Nilizoea kuona utosi wake na machozi yake. Kutoka pale nilimwona mzima, nikaona tumbo linavyopanda na kushuka, nikangoja lipande, nikabonyeza mwenyewe.

Wafula alichelewa kutoka gizani. Alipotoka aliinyanyua picha kwenye taa akaiangalia sana. "Hii nani amepiga?"

"Mimi."

"Uongo. Mkono yako haiko ndani."

Kila ubavu ulionekana. Moyo ulikuwa na ukingo safi kama wa sarafu. Daktari alilipata doa alilolitafuta, na mtoto akaanzishiwa dawa juma lilelile. Nekesa alimrudisha baadaye kupimwa tena, mtoto akiwa mnene, na alinisalimu kwa kuniita askari wa reli.

Mzazi atashika mara moja, pengine mbili, katika maisha yake yote. Wewe utashika asubuhi, na mchana, na kesho, na kila siku ya kazi mpaka ustaafu. Hesabu hiyo hata mimi niliijua. Sikuijua hii nyingine, kwamba mtoto hatulizwi na nguvu ya anayemshika, anatulizwa na kumjua. Mimi nilijiita mwenye huruma, na kumbe nilikuwa nikimnyang'anya mtoto mtu aliyemhitaji, niweke vidole vyangu mahali pake.

Tangu siku hiyo niliivaa beji. Iliporudi ikiwa safi kwa haki, hakuna aliyenipongeza.

Nimekosea mengine, nawe utakosea yako. Niliwahi kumpiga picha mtoto wa karani mmoja wa Kileleshwa, aliyesemekana amemeza kitu. Picha ikaonyesha pini imekaa tumboni, wazi kabisa. Daktari akaanza kutayarisha chumba cha upasuaji, na mama mtu akaanza kulia. Wafula ndiye aliyeuliza, "Hiyo pini imemeza, ama imevaa?" Tukaikunjua leso aliyofungwa mtoto, na pini ilikuwa ndani ya pindo, imefungwa vizuri na yaya wake. Sikuwa nimepapasa nguo. Nilitazama mtambo, sikumtazama mtoto. Tangu hapo napapasa kila pindo kwa mkono, na hirizi naiomba kwa adabu, naivua mbele ya mwenyewe, namwekea mama mtu kiganjani, siiweki mezani.

Na kulikuwa na mzee mmoja aliyeuza viazi hapa soko la Ngara. Nilimwambia, "Vuta pumzi, zuia," kisha nikaitwa mlangoni na mkaguzi, nikasimama kujibu swali. Niliporudi mzee alikuwa amebadilika rangi, mashavu yamejaa, macho yamemtoka.

"Mbona hupumui?"

Akapumua kwanza, sana, ndipo akajibu. "Hujaniambia, bwana."

Tulicheka sote wawili, lakini kicheko changu kiliisha mapema. Mtu mzima, mwenye wajukuu, amekataa hewa kwa kuwa kijana mwenye koti jeupe hajamruhusu. Huko uendako utakuwa peke yako na koti hilo, na watu watakutii hivyo. Watakuvulia nguo, watalala juu ya meza baridi, watakaa hata usipowaambia kwa nini. Waambie kwa nini. Sema nao lugha wanayoiweza, hata ikiwa Kiswahili cha Wafula. Ndiyo, nimeliandika hilo, na unaweza kumwonyesha.

Na watakutazama usoni unapoinyanyua picha kwenye mwanga. Watataka kusoma kwako kile ambacho daktari bado hajakisoma. Usidanganye na usitabiri. Nimeutuliza uso miaka mingi, na ndiyo maana wanasema mimi ni mkali. Wewe una uso wa mama yako, kila kitu hupita juu yake, kwa hiyo tafuta namna yako. Pengine ni kuwapa mkono waketi kabla hujaitazama.

Utasema: na mtoto asiye na mtu? Aliyeletwa na polisi, au ambaye mama yake amekufa wodini? Nimelifikiria hilo mchana kutwa. Ataletwa na mtu. Kutakuwa na mfagiaji, na nesi, na mama wa mgonjwa mwingine kwenye benchi. Waombe kwa zamu, usimwombe mmoja kila siku, na uwavishe. Likifika lile la mwisho kabisa, hakuna mtu na mtoto anakufa, vaa glavu, vaa aproni, vaa beji, ushike, kisha uandike kwamba umeshika. Nami sitakulaumu. Ninachokikataa ni kushika kwa mazoea, na kushika kwa sifa, na kushika kwa sababu Baba alishika.

Nilikuwa nimefika hapa nikidhani barua imekwisha. Lakini ubishi wa huko chumbani umekoma, na mama yako amepita mbele ya meza yangu na leso mkononi. Ni ile ya zamani, iliyofuliwa mpaka rangi imekuwa laini, aliyokubebea wewe. Nilidhani anaitia sandukuni uivae. Akasema hapana. Amekaa mchana huu akaikata pindo lenye uzi mgumu, akalipinda upya kwa mkono, na ameipapasa yote isiwe na pini. Akanitaka nimwonyeshe jinsi Nekesa alivyochomeka ile ncha. Nikamwonyesha juu ya mto wa kitanda, kwa vidole hivi, akairudia mwenyewe mpaka ikakaza.

"Hii ni ya kufungia watoto wa huko," akasema. "Mwambie. Halafu mwambie aende na radhi zangu." Nikamwambia amwambie mwenyewe. Amekwenda. Ninasikia sauti zenu mnapozungumza, na sitasikiliza.

Basi nenda, mwanangu. Najua mkono wako: umetulia kuliko wangu, na jicho lako ni la subira. Hospitali hiyo imengoja mpiga picha muda mrefu, na imempata mwema. Mungu akitujalia, likizo ya Desemba nitakuja na Wafula, ambaye anadai kila mtu wa wilaya hiyo ni binamu yake. Nitakuomba uniingize stoo, unipe picha zako za watoto. Nitazinyanyua moja baada ya moja kwenye mwanga wa dirisha, nizitazame pembeni zote nne. Nataka nimwone mtoto peke yake.

Baba yako